Riwaya Zinazouma: Mapendekezo ya Kusoma Wakati wa Likizo

Kila muhula unapokaribia kwisha wanafunzi huja ofisini na swali lile lile: "Mwalimu, likizo hii nisome nini?" Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandikia majina ya vitabu kwenye kipande cha karatasi, kila mmoja na wake. Mhariri wa jarida letu ameniomba sasa niyaandike mahali pamoja ili yasomwe na wote, pamoja na walimu wenzangu wa sekondari wanaotutembelea. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitachagua vitabu kwa kuangalia vinavyofaa mtihani. Nitapendekeza riwaya zinazouma, yaani zile ambazo msomaji akifika mahali fulani hulazimika kukifunga kitabu, akakaa kimya kidogo, kisha akakifungua tena.

Kwa nini ziumazo? Sababu ya kwanza inatuhusu hasa sisi wa Uganda. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kwa wazee wetu wengi lugha hiyo ilikuja na sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, kaa chini. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, nilimpigia simu mama yangu kijijini kumpa habari njema. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa lugha yetu kama wanajeshi wanarudi.

Wanafunzi wetu hawakuyaona hayo, lakini wamerithi sikio la wazazi wao. Wanakijua Kiswahili cha kuamuru, cha kununua na kuuza, na sasa cha kujibu maswali ya mtihani. Wachache wamekisikia kikimbembeleza mtoto au kikimlilia marehemu. Ninaamini riwaya nzuri inaweza kuziba pengo hilo kuliko mhadhara wowote ninaoweza kuutoa.

Sababu ya pili ni miongozo. Nendeni Wandegeya kwenye vibanda vya fotokopi mjionee: mwongozo wa riwaya hutoka kwa wingi kuliko riwaya yenyewe. Siwalaumu wanafunzi moja kwa moja. Riwaya hutoka Nairobi au Dar es Salaam, hufika kwa basi, bei yake inauma kuliko hadithi iliyomo, na pengine darasa zima lina nakala mbili. Lakini tuseme ukweli. Mwongozo hukupa dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za usemi, kila kimoja chini ya kichwa chake, na ukimaliza kuusoma hujamhurumia mtu yeyote. Nimesahihisha insha nyingi zilizoorodhesha mateso ya mhusika kwa namba, (i) hadi (vii), kama mtu anayeorodhesha vifaa vya ghalani.

Nianze basi na kitabu ambacho miongozo imekiumiza kuliko vyote, nacho ni Kidagaa Kimemwozea (2012) cha Ken Walibora. Kilikuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo kimechambuliwa hadi mifupa imebaki mitupu. Wengi wanajua kwamba Amani ni kijana anayemchungia ng'ombe Mtemi Nasaba Bora, kwamba Mwalimu Majisifu anaiba mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake, na kwamba Mtemi ni mfano wa viongozi wa Afrika baada ya uhuru. Yote ni kweli. Hata hivyo, someni upya sehemu ya mtoto aliyeachwa mlangoni kwa Amani usiku.

Hapo kuna vijana wawili, Amani na Imani, wasio na kitu chochote cha kuita chao. Wanamwokota mtoto mchanga ambaye si wao, wanamlea, wanampa jina. Mtoto anaugua, wanamkimbiza hospitalini, na wenye kazi ya kumtibu wana mambo mengine ya kushughulikia. Mtoto anafariki, nao wanashikwa kwa kifo chake. Jina la mtoto huyo ni Uhuru, na hapo ndipo mwanafunzi wetu hukimbilia kalamu: kifo cha Uhuru ni ishara ya kufa kwa uhuru wa Waafrika. Sawa, mpe alama zake mbili. Lakini kabla ya uhuru wa Waafrika kuna mtoto mgonjwa mikononi mwa msichana ambaye hajui apite mlango gani. Asiyemwona huyo mtoto kwanza, ishara hiyo kwake ni maneno matupu.

Nina lawama yangu kwa Walibora hapa. Majina yale, Amani, Imani, Uhuru, Nasaba Bora, yanamvuta msomaji kwenye ishara kabla hajapata nafasi ya kumjua mtu. Ni kama kuvishwa miwani ukiwa bado mlangoni. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema (1996), haina mzigo huo, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni hadithi ya Kongowea Mswahili, mvulana wa Tanga ambaye mama yake, mwimbaji wa taarabu, anafariki na kumwacha mikononi mwa watu wasiomtaka. Baadaye anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na sauti hiyo haijihurumii. Kijana anakueleza alivyonyimwa na alivyotukanwa, kisha anaendelea na safari, na wewe msomaji ndiye unayebaki nyuma na uchungu. Ni kweli kwamba matukio ya sadfa ni mengi mno mwishoni, na wahakiki wamelisema hilo. Mimi huwaambia wanafunzi wamsamehe. Mtoto aliyemtafuta baba kwa kurasa nyingi kiasi kile anastahili bahati kidogo. Walibora alitutoka ghafla jijini Nairobi mwezi Aprili 2020, na kwa wengi wetu tuliofundisha vitabu vyake ilikuwa kama kufiwa na mwenzetu wa ofisini.

Kutoka hapo tuelekee Zanzibar, kwa Adam Shafi, na ninaomba mniruhusu nikae naye kwa muda.

Vuta N'kuvute (1999) inajulikana zaidi siku hizi kwa sababu ya filamu ya Amil Shivji iliyotoka mwaka 2021, na wako wanafunzi walioniambia kwa furaha kwamba wamekwisha "kuisoma" kwa saa moja na nusu. Filamu ni nzuri. Lakini riwaya ina subira ambayo filamu haiwezi kuwa nayo. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kama kumi na mitano, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyekwisha kupita miaka hamsini. Shafi hamfanyi Raza kuwa jitu la kutisha. Anamfanya mzee wa kawaida anayempenda mkewe kwa namna yake, na hilo ndilo linaloifanya ndoa ile isivumilike kuisoma. Yasmin anapoondoka, ndugu zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, jirani asiye wa kabila lake wala wa tabaka lake. Tunapofundisha kitabu hiki tunakimbilia siasa, Denge na harakati za kuwapinga wakoloni. Siasa imo. Ila mkimsoma Mwajuma polepole mtaona kwamba upendo mkubwa kuliko wote katika riwaya hii uko kati ya wanawake wawili wanaogawana chumba na chakula.

Haini (2003) ni jambo jingine kabisa. Sikitoi kitabu hiki kwa kila mwanafunzi anayekuja mlangoni, na nitaeleza sababu. Hamza anakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, na tunaingia naye jela. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walitiwa ndani baada ya mauaji hayo, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Basi huyu ni mwandishi anayejua vipimo vya chumba anachokieleza.

Mwandishi wa kawaida akipewa mambo hayo angepiga mayowe. Angetujazia kurasa kwa maneno kama ukatili, unyama, dhuluma. Shafi hafanyi hivyo. Mahojiano na mateso anayasimulia kwa mwendo ule ule anaosimulia nao mazungumzo ya wafungwa, kana kwamba ni shughuli za siku. Anaingiza hata mzaha, kwa sababu watu waliofungiwa pamoja hutaniana. Uchungu wa kitabu hiki unatokana na utulivu huo. Msomaji anangoja mwandishi amsaidie kulia, na mwandishi hamsaidii. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wanaotaka kuandika hadithi wakisome: wengi wao huandika "alilia sana, machozi yakamtiririka njia mbili mbili", kisha wanashangaa mbona hatukuguswa.

Mwaka mmoja niligawa sura za Haini darasani, kila mwanafunzi na sura yake ya kuwasilisha, swali likiwa lile tulilozoea: jadili mbinu za kisanaa alizotumia mwandishi. Binti mmoja hakuja siku yake. Wiki iliyofuata hakuja tena, nami nikamwandikia sifuri kwenye daftari langu. Baadaye alikuja ofisini, akakaa, akaniomba radhi kwanza. Kisha akanieleza kwamba babu yake alichukuliwa nyumbani katika miaka ya 1970, akapandishwa gari na hakurudi. Kwao hawajawahi kufanya matanga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwathibitishia kwamba amekufa. Bibi yake hakuruhusu Kiswahili kizungumzwe nyumbani mwake. Na hapa yeye mjukuu amepewa sura ya mahojiano aihesabie tashbihi na takriri.

Nilifuta ile sifuri. Sikujua la kusema, na nadhani nilisema jambo la kipuuzi kuhusu tarehe ya mtihani. Lakini yeye ndiye aliyeendelea. Alisema amekisoma kitabu chote, mara mbili, na kwamba sehemu nyingine alimsomea bibi yake akimfasiria. Nikamuuliza bibi alisema nini. Alisema bibi aliuliza kama huyo mwandishi ni Mswahili kweli, na alipoambiwa ndiyo, akasema, "Basi nao walichukuliwa."

Tangu siku hiyo nimebadili mambo mawili. Kwanza, sigawi tena kitabu kama hiki bila kueleza mapema kilicho ndani yake, na anayetaka kingine hupewa kingine bila kuulizwa maswali. Wako wanafunzi ambao kwao mambo haya hayajawa hadithi. Pili, somo la kwanza la riwaya yoyote sasa hufanyika bila daftari. Tunasoma kwa sauti, kisha kila mtu anasema mahali alipositasita. Wapo wenzangu katika idara wanaoona huko ni kupoteza saa mbili za muhtasari, na mmoja amenitania kwamba nimegeuza darasa kuwa matanga. Namheshimu, ila sijaona bado kwamba wanafunzi wake wanaandika uhakiki bora kuliko wangu.

Chozi la Heri cha Assumpta Matei nakipendekeza kwa mashaka fulani. Kinahusu watu waliong'olewa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, na hakuna msomaji wa Afrika Mashariki asiyejua ni majeraha ya aina gani yaliyomo humo. Mwanzo wake ni mzito. Ridhaa, daktari, amesimama mbele ya magofu ya nyumba yake iliyochomwa pamoja na jamaa zake, na waliomtenda hivyo wamo majirani. Mwanawe Mwangeka alikuwa ng'ambo akilinda amani ya watu wengine wakati moto huo ukiwaka kwao. Kejeli hiyo peke yake ingetosha kubeba riwaya nzima.

Tatizo ni kwamba mwandishi hakuamini kwamba ingetosha. Baada ya moto anatuletea ukimbizi, ubakaji, wizi wa watoto, dawa za kulevya, ndoa zilizovunjika kwa sababu ya ukabila, na kila mhusika anakuja na msiba wake kama mgonjwa katika foleni. Tukifika kwa Sauna, mtumishi wa nyumbani anayewaiba wadogo wawili wa Umulkheri, mioyo yetu imekwisha kuchoka, ilhali tukio hilo ni la kutikisa. Halafu wahusika huzungumza mara nyingi kama tahariri ya gazeti. Kisomeni hata hivyo, lakini pole pole, sura moja kwa siku. Na mkisome sambamba na Siku Njema ili mwone tofauti kati ya mwandishi anayeongeza huzuni na yule anayeiacha ifanye kazi.

Ua la Faraja (2004) cha William Mkufya ni kitabu cha UKIMWI, na nashangaa kwamba hakisomwi zaidi kwetu, nchi ambayo ugonjwa huo uliitwa siliimu kabla haujapata jina jingine, na ambamo karibu kila ukoo una makaburi yake ya miaka ile. Mkufya anapenda falsafa, na wahusika wake hujadili kifo, imani na maana ya maisha kwa urefu ambao huwachosha wasiozoea. Ruhusa ninayoitoa, na wataalamu wanisamehe, ni kuruka kurasa za mjadala katika usomaji wa kwanza na kuzirudia baadaye.

Nimekiweka mwisho kitabu ambacho si cha Kiswahili kwa kuzaliwa. Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Kuna tajiri mmoja, Aziz, anayefika kwao mara kwa mara, na mtoto amefundishwa kumwita kama anavyoitwa ndugu wa baba. Siku moja anapandishwa treni pamoja naye. Huko anakofikishwa ni Khalil, kijana wa dukani, anayemweleza kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Baba amemweka mtoto rehani kwa deni lake.

Niliisoma riwaya hii kwa Kiingereza nilipokuwa Dar es Salaam nikisomea shahada ya uzamili, nikaipenda kwa akili. Katika Kiswahili iliniuma. Neno rehani limo hata katika matini ya Kiingereza, lakini humo ni neno geni lililokaa kama mgeni sebuleni. Kwetu rehani ni neno la dukani, la mkufu na baiskeli, na kulisikia likitumiwa kwa mtoto kunashtua. Na hayo majina ya kindugu! Sisi tunajua uzito wa kumwita mtu mzima baba mdogo au mjomba. Pia tunawajua watoto waliotolewa kijijini na "mjomba" wakaahidiwa shule mjini, na mpaka leo wanaosha vyombo na kubeba maji. Nilipowauliza wanafunzi wangu nani anamjua Yusuf mmoja, mikono iliinuka mingi kuliko nilivyotaka kuona. Mwisho wa riwaya hii siutaji. Nitasema tu kwamba ukurasa wa mwisho nimeufundisha mara tatu na kila mara darasa limegawanyika, wengine wakimlaani Yusuf na wengine wakimtetea.

Wapo watakaoniuliza mbona sijamtaja Kezilahabi. Rosa Mistika (1971) imekwisha kutajwa na kila mtu, ilizuiwa kwa muda kusomwa shuleni nchini Tanzania, na kuzuiwa huko kumeisifu kuliko ninavyoweza mimi. Asiyeisoma bado na aanze nayo, kisha arudi kwenye orodha hii. Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed nayo ningeiweka hapa kwa ajili ya Maimuna peke yake, kama wanafunzi wa mwaka wa pili hawangekuwa nayo muhula ujao.

Ushauri kuhusu lugha. Shafi ana Kiswahili cha Unguja ambacho kitawasumbua waliojifunza lugha hii darasani Kampala au Mbarara. Msishike kamusi kila mstari. Pigeni mstari kwa penseli chini ya neno msilolijua (katika nakala yenu, si ya idara) na mwendelee. Maneno mengi yatajieleza yenyewe kufikia ukurasa wa hamsini, na yale yatakayobaki tutayajadili muhula ukifunguliwa. Walimu wa sekondari wanaweza kuanza na Siku Njema kwa kidato cha tatu bila wasiwasi, lakini Haini ibaki kwa watu wazima.

Kabati la idara lina nakala nne za Siku Njema, mbili za Vuta N'kuvute, moja ya Peponi na tatu za Chozi la Heri. Haini ilikuwa moja, na daftari la kuazima linaonyesha kwamba ilitoka mwezi Februari bila jina la aliyeichukua. Aliye nayo airudishe, hata kama hajaimaliza. Kuna mtu mwingine anayeingoja, na ameniambia kwamba anataka kumsomea shangazi yake.